Sange Alivyouponya Msandarusi

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo pakawa ya nani, mbona imelala njaa? Nyie wa nyuma sogeeni, mkeka huu hauumi. Paukwa.

Pakawa.

Kaondoka mbegu.

Kaota mti.

Mti ukafanyaje?

Ukalia machozi yanayonukia.

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa wakisalimiana njiani kama sisi, palikuwa na msitu mmoja nyuma ya vilima. Katikati ya msitu huo ulisimama msandarusi mmoja mkubwa. Ulikuwa mrefu kuliko miti yote. Shina lake lilinyooka hivi, na mbao zake ngumu watu walikuwa wakizitamani kwa macho wanapopita. Wakisimama, wakiuzunguka, wakisema, "Hapa pana milango ya mji mzima." Kisha wakienda zao, kwa sababu mashoka yao yalikuwa madogo na mti ulikuwa mkubwa.

Msandarusi huo ulipochanua ulijaa maua meupe, mpaka ukiwa mbali ungedhani umevaa kanzu. Na ulipojeruhiwa kidogo tu, na mdudu au na tawi lililovunjika, ulitoa utomvu wa manjano kama asali. Utomvu huo ndio sandarusi. Ukiwa mbichi unanata. Ukikauka unakuwa mgumu kama jiwe, na ukiuchoma unanukia nyumba nzima.

Sasa, nani walikaa kwenye mti ule? Juu kabisa walikaa nyuki. Katikati, ndani ya tundu la shina, alikaa Bi Hondo, mke wa Bwana Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kama kibuyu. Na chini, katikati ya mizizi, alikaa Sange.

Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo, hafiki goti la mbuzi. Miguu yake myembamba kama vijiti, na pua yake ndefu, inachezacheza huku na huku, mfano wa mkonga wa ndovu. Huyu Sange wetu alikuwa jike, mpole, mwenye shughuli zake. Kutwa alikuwa akifunua majani makavu kwa pua yake, akitafuta wadudu. Kwa hiyo hapakuwa na mahali chini ya mti ule asipopajua. Alijua mzizi ulipo, alijua siafu walipopita, na alijua habari ya shimo.

Shimo gani? Ngojeni niwaambie. Zamani watu walikuja kuchimba sandarusi ya kale, ile iliyozama ardhini. Wakachimba upande wa mashariki wa mti, wakachimba, wakachimba, wakaacha shimo refu wakaenda zao. Miaka ikapita. Mimea vitambaazi ikatambaa juu ya mdomo wa shimo, majani yakaanguka juu ya vitambaazi, nyasi zikaota juu ya majani. Ukitazama utasema ni ardhi tupu. Lakini Sange akikimbia pale juu alisikia chini pakilia ndu, ndu, ndu, kama ngoma. Yeye alikuwa mwepesi, alipita.

Basi ukaja mwaka wa jua. Mvua ilikataa. Mto ukakauka, ukabaki mchanga. Wanyama wakawa wanalamba umande wa asubuhi, na umande nao ukawa haba.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa akinywa maji. Huyo ni Ndovu, aliyejiita Mtikisa-Msitu. Ndovu alikuwa akienda kwenye mchanga wa mto, anachimba kwa pembe zake, maji yanatoka chini, anakunywa mpaka anatosheka. Akishatosheka, anakanyaga kisima chake kwa miguu mpaka kinazibika. Akiulizwa kwa nini, anasema, "Nimechimba mimi." Kisha anaondoka akiimba. Nyinyi mtaitikia "ni wewe", na mwisho "hakuna", haya:

Nani mtikisa-msitu?

Ni wewe.

Nani miti humwinamia?

Ni wewe.

Nani husimama mbele yangu?

Hakuna.

Sasa maji ya kunywa alikuwa nayo, lakini matope ya kuogea hakuwa nayo. Ngozi ikamuwasha. Siku moja akaja kwenye msandarusi kutafuta pa kujikuna. Alikuja kwa upande wa magharibi, upande wa mto.

"Shikamoo, mjomba," akasikia sauti.

Ndovu akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nani ananiita mjomba?"

"Mimi Sange. Niko hapa chini, karibu na ukucha wako."

Ndovu akainama. "Mimi ni mjomba wako kwa upande gani?"

"Kwa upande wa pua," akasema Sange, na pua yake ikachezacheza.

Ndovu hakucheka. "Mimi sina mpwa anayelala chini ya majani. Nipishe nijikune."

"Mjomba, usijikune hapa. Mti huu unatoa utomvu, utakushika."

"Nilipozaliwa mimi, ardhi ilitetemeka," akasema Ndovu. "Ulipozaliwa wewe, hata jani halikugeuka. Leo unifundishe pa kujikuna?"

Akajiegemeza. Akajikuna ubavu huu, akajikuna ubavu ule, kwaru kwaru kwaru. Magome yakabanduka, utomvu ukamwagika, ukampaka kuanzia mgongoni mpaka mkiani. Alipotaka kuondoka, ngozi ikavutwa. Akajing'oa kwa nguvu, akawa ananata mwili mzima.

"Mjomba," akasema Sange, "usigaegae. Kasimame juani, utomvu utakauka na kubanduka wenyewe."

Ndovu akamtazama kwa jicho moja. Akajitupa kwenye majani makavu, akagaagaa. Alipoinuka, mnajua alikuwaje? Majani yamemganda, vijiti vimemganda, manyoya ya kanga yamemganda, na ganda la konokono limening'inia kwenye sikio.

Kima alikuwa juu ya mti akiangalia. Kima ni ndugu mdogo wa nyani, asiyejua kunyamaza. Akaita, "Jamani, njooni mtazame kichaka chenye meno."

Wanyama wakaja. Nguruwe akacheka mpaka akakaa chini. Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana. Sange peke yake hakucheka, maana aliona macho ya Ndovu yalivyobadilika.

Ndovu akasema taratibu, "Huu mti umenifedhehesha. Keshokutwa, jua likiwa utosini, nitakuja kuuangusha. Na nyinyi mliokuja kucheka, mje kutazama."

Akaondoka. Safari hii hakuimba.

Habari ikapanda juu ya mti kabla Ndovu hajafika mtoni. Bi Hondo akaisikia akiwa ndani ya tundu lake. Sasa nisikilizeni vizuri. Hondohondo jike akitaka kutaga, huingia ndani ya tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo, ukabaki upenyo mdogo tu. Mume humlisha kwa upenyo huo. Na mle ndani manyoya ya mabawa yake hunyonyoka, akawa hawezi kuruka mpaka yaote mapya. Bi Hondo alikuwa mle ndani hana mabawa, na watoto wake walikuwa wameanguliwa juzi, wekundu, hawajafumbua macho. Mti ukianguka, ndio mwisho wao.

Bwana Hondohondo hakungoja. Akaruka mpaka mtoni akamkuta Ndovu anakunywa.

"Bwana mkubwa, nimekuja kukuomba. Mke wangu na watoto wamo ndani ya ule mti."

"Mwambie mkeo aruke."

"Hana mabawa kwa sasa."

"Basi aanguke," akasema Ndovu. Akakanyaga kisima, akayafukia maji mbele ya macho ya ndege mwenye kiu.

Bwana Hondohondo akarudi. Hakuweza kumwambia mkewe alichojibiwa. Alikaa tu kwenye tawi, mdomo wake mkubwa umeinama.

Kima akasema, "Kuomba kumeshindwa. Mimi nitampiga." Kesho yake akawakusanya ndugu zake, wakachuma matunda ya msandarusi, yale magumu yenye vichunusi vya sandarusi ganda zima. Ndovu alipopita wakamtupia kwa pamoja, pa, pa, pa, kichwani na mgongoni. Ndovu akasimama. Akaokota tunda moja, akaliweka mdomoni, akatafuna. Akaokota jingine.

"Ahsanteni," akasema. "Mmenipunguzia kazi ya kuinua mkonga."

Kima na ndugu zake wakarudi kimya. Ndiyo mara ya kwanza msitu ule kumwona Kima amenyamaza.

Jioni ile Sange alikuwa mizizini, hana hamu ya kula. Bi Hondo akamwita kutoka juu, kwa ule upenyo.

"Sange, bado uko?"

"Nipo, dada."

"Wewe una miguu. Ondoka mapema, mti usikuangukie."

"Nikiondoka, nani atakuitikia ukiita?"

Bi Hondo akasema, "Wanangu wanalia kiu, nami sina la kuwaambia. Yule mjomba wako hasikii la mtu."

"Hasikii," akasema Sange. "Nilimwambia asijikune, akajikuna. Nilimwambia asigaegae, akaga..."

Hapo pua ya Sange ikaacha kucheza. Akatulia. Akasimama. Akatembea polepole mpaka upande wa mashariki, akakanyaga yale majani. Ndu, ndu, ndu.

Aliogopa, tena aliogopa sana. Maana kama Ndovu angemsikiliza kesho yake, hata mara moja tu katika maisha yake, mti ungeanguka, na yeye Sange ndiye angekuwa amemwonyesha njia. Alifikiri kumdanganya. Kisha akasema moyoni, "Sijamdanganya hata siku moja, sitaanza leo. Nitamwambia ukweli. Atakachofanya na ukweli huo ni juu yake."

Siku ikafika. Jua likapanda mpaka utosini. Wanyama wote wakaja, wengine kwa huruma, wengine kwa hofu. Bwana Hondohondo alikuwa amejibana kwenye mlango wa tundu, kana kwamba angeweza kuushika mti usianguke. Ardhi ikaanza kutetemeka, naye Ndovu akatokea kwa upande wa magharibi, anaimba. Itikieni:

Nani mtikisa-msitu?

Ni wewe.

Nani miti humwinamia?

Ni wewe.

Nani husimama mbele yangu?

Sange akasimama mbele yake. Peke yake, kwenye ile njia.

"Shikamoo, mjomba."

"Wewe tena."

"Mimi tena. Mjomba, mti huu naupenda, na ningekuomba uuache. Lakini kama lazima uusukume, sukuma kwa upande huu wa magharibi ulikosimama. Usiende upande wa mashariki. Huko kuna shimo."

Wanyama wakashangaa. Kima akajishika kichwa. "Sange ana wazimu," akanong'ona, "anamfundisha namna ya kutuangusha."

Ndovu akaweka kichwa chake kwenye shina, pale pale magharibi. Akasukuma kidogo, kama mtu anayejaribu mlango. Mti ukalia, kri. Mizizi ikasogea chini ya miguu ya Sange. Ndani ya tundu watoto wa Bi Hondo wakalia. Sange akafumba macho. Akasema moyoni, amenisikia. Siku zote hajanisikia, na leo amenisikia.

Kisha Ndovu akaacha kusukuma. Akarudi nyuma.

"Sange," akasema, "mti ni nyumba yako. Kwa nini unanionyesha pa kusukumia?"

"Kwa sababu kule kuna shimo, na wewe ni mjomba wangu. Sitaki ufe."

"Shimo." Ndovu akacheka, na cheko lake likapukutisha majani. "Wewe kutwa unakimbia chini ya mti huu, mbona hujatumbukia?"

"Mimi mwepesi, mjomba."

"Mwepesi wa miguu na mwepesi wa maneno. Mti huu umeoza upande wa mashariki, hutaki nijue. Nikisukuma kule utaanguka mara moja."

"Mjomba, haujaoza. Ni shimo."

"Nipishe."

"Mjomba, nakuomba mara ya tatu, usiende."

Ndovu akamruka, akazunguka mti kwa mbali. Akarudi nyuma hatua kadhaa ili apate kasi. Akatandaza masikio yake makubwa, akainamisha kichwa, akaja mbio. Nchi ikatikisika. Wanyama wakaficha nyuso. Mguu wa kwanza ukakanyaga majani, ndu. Mguu wa pili, ndu.

Wa tatu haukupata pa kukanyaga.

Vitambaazi vikakatika, nyasi zikafunguka, na Mtikisa-Msitu akazama kwa kishindo kilichosikika mpaka vilimani. Vumbi likapanda juu. Lilipotulia, Ndovu hakuwapo. Kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo ncha mbili za pembe, na mkonga uliokuwa ukipapasa hewani.

Na msandarusi? Msandarusi ulikuwa umesimama. Haukupoteza hata tawi.

Hapo sasa, kelele zilizopigwa mle msituni sijui niwaelezeje. Nguruwe alizunguka mti akikoroma. Ndege walipiga vigelegele. Kima alimbeba Sange mabegani, akampandisha mpaka mlangoni kwa Bi Hondo, na Bi Hondo akatoa ncha ya mdomo kwenye upenyo, akamgusa kwenye pua.

"Sasa twende tukaokote mawe," akasema Kima.

"Mawe ya nini?" akauliza Sange.

"Ya kumtupia yule aliye shimoni."

"Nishushe," akasema Sange.

Akaenda mpaka ukingo wa shimo, akakaa. Sauti ikatoka chini kule, ndogo, si ile mliyoizoea.

"Sange, uko hapo?"

"Nipo hapa juu."

"Umenitega."

"Nilikwambia lilipo."

Ndovu akayapima yale maneno mle gizani. Mwisho akasema, "Kweli. Uliniambia. Uliniambia utomvu unanata, ukweli. Uliniambia nisigaegae, ukweli. Na hili nalo uliniambia." Akavuta pumzi. "Mpwa wangu, nitoeni."

Wanyama wote walilisikia neno hilo, mpwa wangu.

"Mjomba, tutakutoa," akasema Sange. "Lakini apa mbele ya hawa wote. Mti huu hutaugusa tena. Wala mti wowote wenye mtoto ndani."

"Naapa."

"Na visima?" akadakia Bwana Hondohondo kutoka juu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kiu.

Jambo hilo ndilo lililomwuma Ndovu kuliko shimo. Lakini akasema, "Na visima. Nitachimba, na sitafukia. Naapa kwa pembe zangu."

Basi Nguruwe akaanza kuchimba kwa pua, Nungunungu akachimba kwa kucha, Sange naye akachimba kwa nguvu zake ndogo. Hata Kima alibeba udongo, ingawa alinung'unika. Wakaukata ukingo wa shimo, wakafanya mteremko, Ndovu akapanda, vumbi tupu kichwani. Hakuna aliyecheka. Akapita katikati yao, akaenda moja kwa moja mpaka mtoni, nao wakamfuata.

Akachimba mchangani. Maji yakatoka, safi, yakajaa. Ndovu mwenyewe alikuwa na kiu, kila mtu aliona. Lakini akasogea pembeni, akasema, "Aanze mwenye watoto."

Bwana Hondohondo akashuka, akajaza mdomo wake mkubwa, akaruka kwenda kwa mkewe. Akarudi, akajaza tena. Ndipo wengine wakanywa, wakubwa kwa wadogo, na maji hayakuisha. Ndovu akachimba kisima kingine mbele, na kingine mbele yake, mpaka mto mzima ukawa na macho ya maji.

Wakaishi hivyo mpaka mvua iliporudi. Iliponyesha, msandarusi ukachanua kuliko mwaka wowote. Ukawa mweupe kuanzia chini mpaka juu, nyuki wakashindwa waanzie wapi. Na asubuhi moja Bi Hondo akaanza kugonga ule udongo kwa ndani, ko, ko, ko. Ukamomonyoka. Akatoka na mabawa mapya, meusi yanang'aa. Akasimama mlangoni, akayatandaza, akaruka, akauzunguka mti wote na kurudi. Nyuma yake watoto wakachungulia, mmoja mmoja, wakaona dunia kwa mara ya kwanza, na dunia yenyewe ilikuwa maua matupu.

Siku hiyo ilichezwa ngoma ambayo haijachezwa tena. Sange alicheza katikati, na maua yakamwangukia mgongoni.

Wanangu, ngano hii inatuambia hivi. Ukiwa mkubwa, msikilize mdogo anapokuambia habari ya mahali anapopajua, maana wanaojiangusha wenyewe wengi waliambiwa shimo lilipo. Na wewe mdogo, unachokijua kiseme, hata ukidharauliwa, na ukishinda usimwache aliyeshindwa shimoni.

Ngano yangu nimeitua hapa, mzigo si wangu tena. Iliyowapendeza ichukueni mwende nayo nyumbani. Isiyowapendeza niachieni, nitalala nayo.